Gundi ya Bibi Tarehe

Jumatatu, tarehe 4 Machi 2019, saa kumi na mbili na robo asubuhi, hesabu ya gereza ilisimama kwenye watu mia nne na kumi na wawili. Gereza lenyewe lilikuwa limejengwa kwa ajili ya watu mia moja na themanini. Askari wa zamu aliihesabu mistari mara mbili, akaiandika idadi ubaoni kwa chaki, kisha akaipeleka masijala kwenye kipande cha karatasi, kama ilivyofanywa kila asubuhi. Na aliyekipokea kipande hicho, kama ilivyokuwa kila asubuhi kwa miaka ishirini na minane, alikuwa Bibi Tarehe.

Jina hilo walimpa wafungwa, naye hakulikataa. Kila aliyeingia gerezani aliingia na hati ya kifungo kutoka mahakamani, na kila hati ilipita mezani pake. Yeye ndiye aliyesoma kosa, akasoma adhabu, akaondoa theluthi moja ambayo sheria humpunguzia mwenye mwenendo mwema, kisha akaandika kwa penseli, kwenye pembe ya juu ya kadi, siku ambayo mtu huyo angefunguliwa lango. Alihesabu kwenda mbele, tangu siku ya hukumu hadi siku ya kutoka. Halafu akahesabu kurudi nyuma, tangu siku ya kutoka hadi siku ya hukumu. Hesabu hizo mbili zisipokutana, alifuta akaanza upya. Wino hakuutumia mpaka asubuhi ya kumtoa mtu. "Penseli ni ya meza," alizoea kusema, "wino ni wa lango." Wafungwa nao walikuwa na msemo wao: siku ya kufa anaijua Mungu, siku ya kutoka anaijua Bibi Tarehe.

Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Tarehe 30 Juni angestaafu. Katika miaka yote hiyo jina lake lilikuwa limetiwa doa mara moja tu, nalo si kwa kosa la hesabu. Mwaka 2014 panya waliingia kabatini wakatafuna hati ya mchunga ng'ombe mmoja, na kwa kuwa gereza haliwezi kumwachia mtu bila hati, mchungaji yule alikaa siku tisa zaidi, huku barua zikienda na kurudi. Siku zote tisa Bibi Tarehe alikula kama ndege. Siku ya kumi aliagiza mabunda ya kadi ngumu na kopo kubwa la gundi. Tangu hapo kila hati iliyofika ilipakwa gundi mgongo mzima, ikabandikwa juu ya kadi, ikakandamizwa kwa tofali lililofungwa kitambaa mpaka ikauke. Haikuchanika, haikupeperuka, na panya, ambao huipenda karatasi, gundi ile hawakuipenda. Mkaguzi alipokuja aliisifu kwa maandishi. Magereza mawili ya jirani yaliiga. Koplo, msaidizi wake, kijana wa miaka thelathini mwenye mdomo usiochoka, ndiye aliyepaka gundi. Bibi Tarehe alipokea kadi ikiwa tayari imekauka, akahesabu.

Jumatatu hiyo kulikuwa na kazi isiyo ya kawaida. Amri ilikuwa imeshuka kutoka juu kwamba, kwa sababu ya msongamano, wafungwa arobaini waliobakiwa na zaidi ya miezi kumi na minane wahamishwe Jumatano kwenda gereza lingine, mwendo wa siku mbili kwa lori, mahali ambapo ndugu wa maskini hafiki. Orodha aliiandaa Bibi Tarehe mwenyewe. Kila aliyeandikwa aliletwa masijala, akasomewa, akatia sahihi kwamba ameambiwa.

Wa ishirini na tatu alikuwa Fundi Simu.

Fundi Simu alikuwa mtu mwembamba wa miaka thelathini na minne, mwenye vidole virefu ambavyo havikutulia. Hata akiwa amesimama kwa heshima mbele ya meza vilikuwa vikifungua na kufunga skrubu zisizoonekana. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu. Mteja asiyemjua alimletea simu tatu, akaahidi kuzifuata Ijumaa. Ijumaa wakaja polisi. Simu zilikuwa za watu watatu walioibiwa, kwa hiyo makosa yakawa matatu ya kupatikana na mali ya wizi, na tarehe 9 Machi 2017 alihukumiwa miaka miwili kwa kila kosa. Mahakama huandika hati moja kwa kosa moja. Hati tatu zilikuja, Koplo akazibandika kwenye kadi tatu, na kwa kuwa hakuna hata moja iliyoeleza kwamba adhabu ziende pamoja, Bibi Tarehe alizipanga zifuatane, moja baada ya nyingine, kama sheria inavyotaka hakimu asiposema kitu. Miaka sita, toa theluthi, ikabaki minne. Penseli iliandika: 8 Machi 2021.

"Tia sahihi hapa," alisema Koplo. "Unakwenda kubadili hewa."

"Afande, mimi nimeshaeleza. Hakimu alisema adhabu zote—"

"Kwa pamoja!" Koplo alimalizia, akacheka. "Humu ndani nani hakuambiwa kwa pamoja? Hata yule mpishi mwenye kosa moja anadai kwa pamoja. Kwa pamoja na nani, na sufuria?"

Askari wa mlangoni alicheka. Bibi Tarehe hakucheka, lakini naye hakuinua kichwa. "Mwanangu, umeniandikia barua mbili," alisema, "na zote mbili nimezijibu. Hati haionyeshi hivyo. Mimi nasoma hati, sisomi mioyo."

"Mama, ni kweli. Lakini mimi nilikuwa kizimbani, nilimwona karani kwa macho yangu. Hakimu alipotamka, karani aliandika, nafasi ikamwishia, akaigeuza karatasi akaendelea nyuma. Hati ya tatu. Niliiona akiigeuza, kwa sababu kalamu yake iligoma akaipuliza."

"Haya, sahihi," alisema Koplo.

Fundi Simu alitia sahihi. Mfungwa husaini, hilo ndilo analofunzwa kwanza. Alipotolewa, penseli ya Bibi Tarehe ilikuwa imesimama kwenye jina la ishirini na nne, nayo haikuendelea.

Katika miaka ishirini na minane alikuwa amesikia "kwa pamoja" kwa machozi, kwa matusi na kwa viapo vya kufiwa na watoto. Hakuna aliyepata kumwambia kwamba karani aliigeuza karatasi. Mwongo husema lile analolitaka. Mara chache husema kalamu iligoma ikapulizwa. Ndipo akakumbuka jambo la pili: mwaka 2016 serikali ilichapisha fomu mpya za hati, fupi kuliko zile za zamani kwa kiasi cha upana wa kiganja. Gundi ilikuja kwanza, fomu fupi zikaja baadaye. Mgongo wa fomu hizo yeye hakuwa ameuona hata siku moja.

"Koplo," aliita, "ukipaka gundi, huwa unatazama nyuma ya karatasi?"

"Nyuma kuna nini, mama? Nyuma ni nyuma."

"Nimekuuliza."

"Karatasi inakuja imekunjwa, naifungua, nailaza kifudifudi, napaka. Mikono imejaa gundi, macho yako kwenye brashi. Mara nyingine kuna mihuri iliyovuja, mara nyingine kuna uchafu uchafu. Kwani nini?"

"Hakuna," alisema Bibi Tarehe, akarudi kwenye jina la ishirini na nne.

Jioni, nyumbani, hakukaa kitini. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa. Alihamisha mitungi ya maji kutoka pembe hii kwenda ile, kisha akairudisha. Mume wake, aliyekuwa mpima mizani kabla ya kustaafu na ambaye bado alipenda kukadiria kwa macho uzito wa kila kilichopita mlangoni, alimtazama akipita mara nne.

"Mke wangu, leo umeshuka kilo mbili tangu asubuhi. Nani kakukosea?"

"Pengine mimi nimekosea."

"Wewe? Wewe ambaye siku ya harusi yetu ulimsahihisha shehe tarehe?"

Alimweleza. Alieleza kama aandikavyo, moja, mbili, tatu, bila kujitetea. Mume wake alisikiliza hadi mwisho, akajikuna kidevu.

"Sasa ukiibandua ukakuta kuna maneno?"

"Mtu anakaa gerezani wakati angekuwa kwake. Na aliyeamuru kubandika ni mimi."

"Na kiinua mgongo chako?"

"Kitakaa mezani mpaka wamalize kuchunguza."

"Na ukiiacha?"

Jumatano lori lingeondoka, na jalada la Fundi Simu lingeondoka nalo ndani ya sanduku. Huko aendako hakuna aliyewahi kumsikia akisema kalamu iligoma. Miezi minne kasoro siku chache, kisha yeye angekuwa bibi wa nyumbani, na jina lake safi kama sahani ya mgeni.

"Mimi nilikuwa na mizani moja," alisema mume wake, "ilikuwa inadanganya robo kilo. Niliijua wiki nzima kabla sijamwambia bosi. Mpaka leo wiki ile naikumbuka kuliko miaka thelathini iliyobaki. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini hata hivyo hutolewa."

Jumanne alifika masijala saa kumi na mbili kamili, kabla ya Koplo. Hesabu ilikuwa ile ile, mia nne na kumi na wawili. Alilitoa jalada la Fundi Simu kwenye rundo la arobaini, akawasha jiko dogo la chai, akaweka birika. Koplo alipoingia alimkuta amesimama juu ya birika na kadi mikononi, uso umelowa mvuke, miwani imeingia ukungu.

"Mama, unachemsha kifungo cha mtu?"

"Shika pembe hii. Usivute. Ukivuta itachanika, na ikichanika sote wawili tutakuwa wafungwa."

"Wa pamoja au wa kufuatana?" alisema Koplo, lakini alipoona bibi hajaondoa macho kwenye kadi aliacha mzaha, akashika.

Gundi ile ilikuwa imekusudiwa isibanduke. Kadi ya kwanza ilichukua dakika arobaini. Nyuma yake hapakuwa na kitu ila alama za brashi. Ya pili ilichukua nusu saa, nayo ikawa tupu. Bibi Tarehe alihisi nafuu, na papo hapo akaionea haya nafuu yake, maana alijua ni nafuu ya nani. Koplo aliongeza maji kwenye birika.

"Tukimaliza hii tupumzike, mama. Mtu mwenyewe ni wa simu tatu. Halafu yule aliyekula mfuko wa chama cha akiba, watu mia mbili wamelia, kapigwa faini, kalipa siku hiyo hiyo, kaondoka na gari lake. Sasa hizi hesabu tunamhesabia nani?"

"Tunamhesabia aliyeletwa. Asiyeletwa atahesabiwa na mwingine. Shika."

Ya tatu ilianza kuachia pembeni. Ulipoinuka upana wa vidole viwili, ulionekana mstari wa wino wa bluu, umevujia ndani ya gundi kama mishipa kwenye kiganja cha mtoto. Bibi Tarehe aliivuta karatasi kwa subira, unywele kwa unywele, mpaka sentensi ikatoka nzima: "Adhabu hii na zile za kosa la kwanza na la pili zitatumikiwa kwa pamoja." Chini yake palikuwa na herufi za mwanzo za jina la hakimu na nusu ya muhuri.

Aliketi. Akachukua penseli, kwa kuwa mikono haikuwa na lingine la kufanya, akahesabu. Miaka miwili, toa theluthi, miezi kumi na sita. Tarehe 8 Julai 2018, siku ya Jumapili. Kwa desturi ya gereza lile mtu wa Jumapili hutolewa Jumamosi. Tarehe 7 Julai 2018. Akahesabu kurudi nyuma. Hesabu zilikutana mara ya kwanza, kana kwamba zilikuwa zikimngoja.

Kwenye jalada hilo hilo zilikuwamo barua mbili za Fundi Simu, na chini ya kila moja, kwa mwandiko wake mwenyewe ulionyooka: Hati haionyeshi hivyo. Ya pili ilikuwa na tarehe ya mwezi Septemba. Alikuwa amemwandikia mtu huru kwamba si huru.

Mkuu wa gereza alikuwa mtu mwenye sauti ndogo na hofu kubwa ya simu kutoka makao makuu. Aliisoma karatasi mara tatu, akaigeuza mbele na nyuma.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na Koplo, afande."

"Karani aliyeandika hii?"

"Amestaafu. Hakimu amehamishwa. Lakini jalada la kesi lipo mahakamani."

Mkuu aliirudisha karatasi mezani. "Basi kaombe hati iliyosahihishwa. Ikija, andika kwenye kadi: hati iliyosahihishwa imepokelewa, mfungwa ameachiwa. Inatosha. Haya ya gundi na nyuma ya karatasi yana faida gani? Mtu atakwenda kwake, wewe utakwenda kwako Juni, mimi nitalala usingizi."

"Afande, hati zote zimebandikwa."

"Najua zimebandikwa."

"Zote, afande. Za watu mia nne na kumi na wawili. Nikiandika imesahihishwa tu, hakuna atakayezibandua. Naomba lori lingoje, angalau wiki moja, niyatazame majalada ya hawa arobaini."

"Lori!" Sauti ndogo ilipanda. "Lori lina mafuta ya safari moja na kibali cha siku moja. Likirudi tupu nitaulizwa mimi. Hapana. Adhuhuri sanduku linafungwa. Huyu mmoja, ukileta karatasi ya mahakama kabla ya saa mbili asubuhi kesho, atashuka. Usipoleta, atapanda."

Mahakama ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Bibi Tarehe alikwenda na hati mikononi, katikati ya vipande viwili vya kadi, kama mtu aliyebeba yai. Kwenye dirisha la masijala ya mahakama alimkuta dada mwenye kucha ndefu aliyemwambia hakimu yupo kwenye kesi, akitoka kwenye kesi atakuwa kwenye kikao, akitoka kwenye kikao atakuwa ameondoka.

"Mwanangu, nina mtu amekaa ndani miezi minane ya bure."

"Mama, hapa kila mtu ana mtu wake ndani."

"Wangu nimemweka mimi."

Yule dada aliacha kugonga mihuri. Alimtazama yule mama mwenye sare iliyopigwa pasi hadi mikunjo ikakata, akaona kwamba hakuwa na mzaha. Alichukua funguo akaingia stoo. Alirudi baada ya saa nzima na vumbi mpaka kwenye nyusi, jalada la mwaka 2017 kwapani. Ndani, kwa mwandiko wa hakimu mwenyewe, hukumu ilikuwa na maneno yale yale. Ilibaki sahihi ya hakimu mpya.

Hakimu mpya alitoka saa kumi jioni, mwanamke mfupi mwenye mafaili mikono yote miwili. Alisikiliza akiwa amesimama koridoni.

"Amezidisha siku ngapi?"

"Kesho zitakuwa mia mbili arobaini na mbili, mheshimiwa."

"Na mliziona leo?"

"Leo asubuhi, mheshimiwa. Gundi niliamuru mimi."

Hakimu aliweka mafaili juu ya benchi, akatafuta kalamu. "Mimi hutoa adhabu tano, sita kwa siku," alisema, kama mtu anayesema na ukuta. "Nikishatamka, nadhani nimemaliza." Akaandika amri ya kumwachia Fundi Simu mara moja, upande mmoja tu wa karatasi, kwa herufi ndogo sana ili nafasi itoshe.

Bibi Tarehe alirudi gerezani jua likikaribia kuzama, akakuta lango limefungwa kwa hesabu ya jioni na Mkuu ameondoka. Jioni ile kitabu kilisoma mia nne na kumi na wanne, kwa kuwa wawili walikuwa wameletwa kutoka mahakama ile ile aliyotoka yeye. Bila sahihi ya Mkuu, mtu hatoki. Aliketi masijala akaandika taarifa yake. Rasimu ya kwanza ilikuwa na maneno "ilitokea kwamba". Aliichana. Ya pili ilikuwa na "kutokana na mabadiliko ya fomu". Hayo yalikuwa kweli, na hata hivyo aliyafuta. Ya tatu ilianza hivi: "Mwaka 2014 niliamuru hati zote zibandikwe kwa gundi mgongo mzima. Kwa amri hiyo, maneno yaliyoandikwa nyuma ya hati hayajasomwa na mtu." Mficha uchi hazai, alijiambia, akatia sahihi kwa wino.

Jumatano, tarehe 6 Machi, saa moja na nusu asubuhi, lori lilikuwa limekwisha kuwashwa. Wafungwa arobaini walikuwa wamepandishwa wawili wawili, kila wawili kwa pingu moja, na sanduku la majalada limefungwa kwa kufuli nyuma ya dereva. Mkuu alisoma amri ya hakimu, akasoma na taarifa ya Bibi Tarehe, uso ukamshuka.

"Nilikwambia uandike imesahihishwa."

"Ndiyo, afande."

"Hii nikiipeleka juu, kiinua mgongo chako kitasimama. Unajua?"

"Najua, afande. Ipeleke."

Mkuu alitia sahihi amri ya kuachia. Koplo alipanda lorini na ufunguo, akaita jina. Fundi Simu alikuwa amekaa mwisho kabisa, amefungwa pingu moja na mwashi mmoja mnene wa kifungo cha miaka kumi na miwili. Koplo alilazimika kuruka miguu ya watu.

"Shuka. Umetoka."

"Nimetoka wapi?"

"Umetoka, bwana! Hakimu alisema kwa pamoja." Na Koplo, ambaye kwa miaka miwili alikuwa ameicheka sentensi hiyo, aliisema bila kutabasamu.

Fundi Simu alisimama chini, kando ya gurudumu, akisugua kifundo cha mkono. Bibi Tarehe alikuwa mbele yake na kadi. Alikuwa ameandaa maneno tangu Jumanne, yote yakamponyoka.

"Kuanzia lini, mama?" aliuliza.

"Tarehe saba Julai. Mwaka jana."

Vidole vyake virefu vilitulia, mara ya kwanza tangu Bibi Tarehe amjue. Alihesabu kimya, naye hakuhitaji penseli.

"Ile barua yangu ya Septemba," alisema.

"Niliijibu mimi."

"Ulinijibu mtu mwenye nyumba yake." Hakupaza sauti. "Sasa siku hizo nizipeleke wapi? Kuna dirisha la kuzirudisha?"

"Hakuna," alisema Bibi Tarehe. "Nimeandika nilichofanya. Nakala ni yako. Mpelekee wakili yeyote, nami nikiitwa nitakuja."

Aliipokea nakala, akaikunja mara nne. Kisha aliigeuza kuangalia nyuma yake. Nyuma palikuwa peupe.

Ndipo yule mwashi aliyebaki na nusu ya pingu aliinama juu ya ubao wa lori. "Bibi Tarehe! Na yangu umeibandua?"

"Bibi, na yangu!" alisema mwingine. "Hata mimi hakimu alisema!" Sauti zilishikana, lori zima likaita, wengine kwa kelele, wengine kwa kubembeleza, mmoja kwa kucheka kabisa: "Bibi, chemsha na mimi!" Askari waligonga mbao kwa virungu. Bibi Tarehe alimgeukia Mkuu. Mkuu aliangalia saa yake, akainua mkono, na dereva akaachia breki. Bibi Tarehe alitembea pembeni ya lori mpaka langoni, hatua zake za miaka hamsini na tisa zikikazana na gurudumu, akisema majina yenu ninayo, majina yenu ninayo yote. Haikujulikana kama walimsikia. Lango lilifungwa.

Fundi Simu alipewa vitu vyake: shati moja, mkanda, bisibisi ndogo nne ndani ya kitambaa. Alizihesabu bisibisi, akatia sahihi. Hakuaga.

Siku hiyo nzima birika halikushuka jikoni. Bibi Tarehe alibandua, Koplo akashika pembe. Hati ya tano iliwapasua mioyo, kwa kuwa nyuma yake palikuwa na mwandiko ule ule wa karani. Waliivuta kwa pumzi iliyokatika, wakasoma: sabuni miche miwili, betri, viberiti. Koplo alicheka mpaka akakohoa. Bibi Tarehe alicheka naye, kisha akachukua ya sita.

Barua kwa masijala ya gereza lile la mbali iliondoka kwa posta saa nane mchana, ikiwa na majina thelathini na tisa na maelekezo ya namna ya kutumia mvuke. Saa kumi na mbili jioni ililetwa hesabu ya mwisho, naye akainakili kitabuni kwa mkono wake.

Waliokuwapo: mia nne na kumi na wanne. Waliohamishwa: thelathini na tisa. Aliyeachiwa: mmoja. Waliobaki: mia tatu sabini na wanne. Kati yao, wapya wawili ambao hati zao hazijaguswa na gundi. Waliobanduliwa, kumi na mmoja. Ambao bado, mia tatu sitini na mmoja.